Kiatu cha Dohani

Wifi yangu Thirza Gooderham aliolewa na kaka yangu Amos, akaletwa katika nyumba niliyozaliwa mimi, kule Suffolk, Uingereza. Tangu siku ya kwanza alikuwa mtu wa kushuku. Yai hakulipokea bila kulitikisa sikioni. Kasisi akimsalimia, atajiuliza huyu anataka nini.

Ila nyumba yetu aliipenda. Boriti za mwaloni nyeusi kama chungu, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi, na katikati dohani ya matofali ya kutolea moshi, iliyoshikilia nyumba nzima. Amos alipofariki, Thirza alibaki na nyumba hiyo na ng'ombe wachache tu.

Vuli moja dohani ikapasuka. Akaitwa mwashi, Reuben Catchpole. Alipotoa matofali juu ya meko, kikaanguka kiatu cha mtoto, kimoja, ngozi imekauka kama ganda. Kwetu hilo si ajabu: wajenzi wa zamani walificha kiatu humo ili ubaya unaoshuka kwa njia ya moshi ukikute na unaswe. Kiatu kikitoka, nyumba iko wazi. Thirza akakiweka dirishani, tukaenda pamoja kukamua ng'ombe. Tuliporudi naye, ukuta umezibwa, dirisha tupu.

"Kiatu kiko wapi?"

"Nimekirudisha ndani, mama."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Baba alinifundisha mwenye nyumba asione kinapowekwa."

"Alikufundisha vizuri sana! Na yule bwana anayezunguka na gari akinunua vitu vya kale, yeye amekufundisha nini?"

"Kiatu kimoja, mama? Atamuuzia nani, mwenye mguu mmoja?"

Nikacheka. Thirza akanigeukia. "Cheka, wifi. Wewe hulali humu."

Reuben akamnyooshea nyundo. "Basi bomoa uone."

Hapo ndipo alipokwama. Akibomoa, amekitoa kwa mkono wake mwenyewe, asipobomoa, hajui. Akakataa kuwasha moto chini ya dohani asiyoiamini. Baridi ikaingia, unyevu ukapanda, udongo ukaanza kubanduka kutani, naye anakula mkate mkavu amejifunga blanketi. Nikamwambia ahamie kwangu.

"Nyumba nimwachie nani? Mwashi?"

Siku moja akaniambia, "Mwalike Reuben Jumapili. Aje na mkewe na kile kichanga chao."

Nikamwelewa. Reuben aliogopa mambo hayo kutuzidi sote; mwashi gani hathubutu kupita chini ya ngazi asije akapata mkosi!

Wakaja. Thirza akampa Reuben kiberiti. "Washa wewe." Moto uliposhika, akasema kwa upole nisioujua, "Mtoto anaona baridi. Mlaze pale, kwenye benchi lililo ndani ya meko, kando ya moto."

Nikamkazia macho Reuben: anayejua kiatu hakimo hawezi kumlaza mwanawe pale. Hata hakusita. Akabeba kapu la mtoto, akaliweka chini kabisa ya dohani, akauliza kama nyama iko tayari.

Thirza akamtazama mtoto, akamtazama baba. Kisha akamkatia Reuben kipande cha nyama kikubwa kuliko changu mimi, niliyezaliwa humo.

Moto ule haukuzimika hadi majira ya kuchipua. Lakini kila Reuben alipopita njiani na mfuko wake, Thirza alitoka mlangoni kuangalia amebeba nini.