Siku tumbo yangu ilinyamaza

Bandugu, kila mara kabla ya kusema kwenye matanga tumbo inanisokota, na ile woga ndiyo inanituma kuuliza jamaa kwanza habari ya marehemu. Juzi kule Swima sikuogopa hata kidogo. Muzee Asukulu, mugonjwa wa miaka mingi vile: nani hakujua kama ni yeye amekufa? Nikafika moja kwa moja kwenye sanduku, imeshafungwa, nikalia: "Kaka, sasa pumuzika! Muke wako Mama Riziki amekuuguza mpaka amekwisha nguvu!"

Batu bakainamisha vichwa. Mi nikafikiri ni uchungu, nikaongeza sauti: "Mama Riziki, simama tukuone!"

Nyuma yangu, ndani ya blanketi, sauti ndogo ikasema: "Ndugu yangu, mi ningali hapa. Mama Riziki ndiye iko ndani ya sanduku."