Mkanda wa Mashine ya Vumbi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijivunii. Mke wangu husema hasira zangu ni maziwa jikoni, ukigeuka kidogo tu yameshamwagika. Ndivyo yalivyomwagika siku mkanda wa mashine ya kunyonya vumbi ulipokatika mara ya kwanza.

Mashine yenyewe ni ile ya kusimama, ya kusukuma. Tuliinunua imeshatumika, kwa sababu mke wangu ana pumu. Huku Bunju barabara yetu haina lami, na ukifagia kwa ufagio vumbi linapanda, naye anashinda akihema. Kwa hiyo mashine ikigoma, mimi huingiwa na hofu kabla ya kitu kingine chochote. Bahati mbaya hofu yangu hutoka kwa sauti ya ukali.

Siku hiyo ilinuka mpira ulioungua, na brashi ya chini ikaacha kuzunguka. Fundi aliifungua pale pale sebuleni, akachomoa bonge la nyuzi zilizojisokota kwenye brashi. Katikati yake nikaona rasta, rangi ya damu ya mzee. Binti yetu alikuwa ameketi zuliani kati ya magoti ya mama yake, anasukwa kwa rasta za rangi hiyo hiyo. Nikamwambia mbele ya fundi, "Hizi nywele zako zitakuja kumuua mama yako."

Alisubiri mama yake amalize, maana hakuna anayetoka na kichwa nusu, kisha akaingia chumbani kufungasha. Alisema Kurasini, kwenye yadi ya makontena anakofanya kazi, ni mbali mno na kwetu, bora apange chumba huko. Umbali huo ulikuwepo tangu aanze kazi.

Miezi mitatu akawa anampigia simu mama yake tu. Mwisho wa maongezi humwambia, mpe baba shikamoo. Mke wangu ananiletea, nami namkabidhi marahaba airudishe. Iliniuma. Nilimkumbuka mwanangu hadi kelele zake za kuoga, na sikujua pa kuanzia. Nilikolelewa mimi, mzazi hamwombi mtoto radhi. Akikosea sana hununua nyama, yakaisha.

Mkanda ukakatika tena. Safari hii msafishaji nilikuwa mimi mwenyewe. Fundi alikuwa ametuachia mkanda wa akiba, nikaona nisimsumbue. Nikachomoa waya ukutani, nikailaza mashine, nikafungua skrubu za chini na kutoa kifuniko. Brashi ilikuwa imefungwa nyuzi hadi imevimba. Nikazikata kwa wembe, nikazitandaza sakafuni.

Hapakuwa na rasta hata moja. Zote zilikuwa nyuzi nyeupe, matamvua ya zulia langu. Zulia nililichagua mimi. Mke wangu aliwahi kuniomba tuyakate matamvua yale marefu, nikamwambia hayo ndiyo uzuri wake. Kila nilipopitisha mashine pembeni ilikuwa inayameza. Hapo nikalikumbuka vizuri lile bonge la fundi. Lilikuwa jeupe karibu lote, na mimi nikaona rasta tatu nne.

Mke wangu alichungulia, akasema, "Nyani." Akaishia hapo. Iliyobaki naijua.

Nikautia mkanda mpya kwenye kijiti cha mota, nikauvuta kuelekea brashi. Mpira mpya ni mgumu, unataka mmoja ashike brashi na mwingine avute. Mke wangu akataka kuinama anisaidie, nikamkataza kwa ajili ya vumbi. Nikakaa pale sakafuni muda, mikono michafu. Kisha nikachukua simu.

"Shikamoo baba," alisema. Nilisikia kabisa kwamba ameshtuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimeifungua mashine. Hazikuwa nywele zako. Ni zulia langu. Nilikukosea. Nisamehe."

Nikasikia lori likipiga honi huko kwao.

"Mie nilijua siku ile ile, baba," alisema. "Niliona yale manyuzi meupe."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ulikuwa unamwogopea mama. Na mie nilikuwa namwogopea. Na rasta zangu zilikuwemo kidogo. Nikaona, na kama ni kweli?"

Neno langu lilikuwa limekaa naye miezi mitatu, na kila siku alikuwa akijiuliza. Hilo sikuwa nimeliwaza, na nililia.

Jumamosi alikuja. Alishika brashi, nikavuta mkanda, ukaingia mahali pake. Tukaizungusha kwa kidole kuhakikisha, tukarudisha kifuniko. Kisha akatoa rasta zake kwenye mfuko, damu ya mzee, akasimama nazo akinitazama. Nikamwambia akae.

Akaketi zuliani kati ya magoti ya mama yake. Mimi nikachukua mkasi wa jikoni, nikapiga magoti pembeni, nikaanza kukata matamvua.

"Acha bwana," mke wangu alisema, kitana mdomoni. "Hayo ndiyo uzuri wake."

Binti yangu alicheka hadi akatikisa kichwa, mama yake akamkemea atulie. Nikaendelea kukata.