Alichokitazama Susu Kivulini

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mwalimu mmoja kijana alitundika shuka kwenye ukuta wa kanisa letu hapa Kasikeu, akatuonyesha filamu ya zamani. Ilipigwa wakati wa vita vya Wazungu, watu wa huku wakichimba mitaro ya kuzuia udongo usisombwe na mvua. Wengi ni wanawake, maana waume zao walikuwa vitani. Nilikaa mbele kabisa. Rafiki yangu, filamu hiyo nimeingoja tangu utotoni.

Nyanya yetu, tuliyemwita Susu, alichimba mitaro hiyo kwa lazima. Alitusimulia jioni tukipukuchua mbaazi, moshi wa jiko la muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ukituwasha macho. Siku Mzungu wa picha alipokuja, mnyapara aliamuru watoto wachanga wawekwe kando, kwenye kivuli cha mgunga, wasiharibu picha. Susu akamlaza huko kifungua mimba wake, akarudi kuimba na wenzake walivyoamriwa. Mtoto yule alikufa kwa homa kiangazi hichohicho. Hakuacha picha yoyote.

"Labda hiyo mashini ilimshika hata huko kando," Susu alituambia. "Siku moja wataileta, tumuone."

Tulipolima naye alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha. Katikati ya kazi alikuwa akisimamisha jembe, anageuka, anatazama kivulini ambako hakukuwa na kitu, kisha anaendelea. Tulimtania kwamba anaogopa nyani, naye akacheka pamoja nasi.

Basi nikamwona ukutani. Nilimtambua kwa jembe lake, maana alilishika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa msichana tu, mwembamba, anaimba, na sauti ya Mzungu inasema watu hawa wana furaha. Mara akasimamisha jembe, akageuka, akatazama kando. Hapohapo picha ikahamia kwa afisa mwenye kofia, anaonyesha kilima kwa fimbo.

"Mwalimu, rudisha nyuma kidogo," nikamwomba.

Akarudisha, mara mbili. "Imekatwa hapo, mama. Hakuna ingine."

Nililia mbele ya watu, wala sikuona haya. Mgunga ule ulichomwa makaa zamani, na siku hizi mitaro huchimbwa na tingatinga, hakuna anayeimba. Susu tulimzika akiwa bado anaingoja filamu yake. Sasa imekuja, na ndani yake anayemwona mtoto ni yeye peke yake.