Ajwaka na Mbuzi Mwembamba

Nilipoandika makala ya kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu ajwaka, mpandisha mizimu wa Waacholi, nilitumia ukali wangu wa mzee wa kanisa: "Mchawi atetemekaye na kupayuka." Jirani yangu Mwacholi, ambaye bibi yake alikuwa ajwaka, aliisoma dukani, mtaa wa Grant Street, akacheka kwa dharau.

"Mwalimu, Jumapili ulitetemeka kanisani kwa maombi mpaka miwani ikavunjika. Nani amekuandika mchawi? Bibi alitibu watu. Wanangu watamjua kwa maandishi yako tu."

Miwani ilikuwa bado na gundi. Nikafuta maneno yale, nikaandika: "Mganga azungumzaye na mizimu, hutikisa kibuyu na kutibu wagonjwa."

"Ongeza kwamba mgonjwa akimlipa mbuzi mwembamba, bibi alimrudishia."

Nikaongeza, kwa wivu kidogo. Mchungaji wetu hajawahi kurudisha sadaka yoyote.