Ukosi wa Msoma Vifo

Saa saba mchana, watu wengi wakiwa wameshika kijiko, redioni hupita sauti moja inayowafanya wakiweke kijiko chini kidogo. Ni sauti ya msoma vifo. Mwenyewe ni mwanaume wa makamo, mfupi, mwenye kitambi cha heshima. Pale kituoni, kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini, kila mtu humwita Suti. Jina lake hasa analijua mkewe na mhasibu, basi.

Suti husoma vifo akiwa amevaa suti kamili. Koti, tai, shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu kabisa, suruali yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate, na viatu vyeusi vyenye ncha, ambamo vidole vyake viliishi miaka mingi kama wapangaji wasiosalimiana. Yote hayo ndani ya kichumba kisicho na dirisha, ambamo hakuna anayemwona isipokuwa fundi mitambo, naye fundi mitambo yuko upande wa pili wa kioo, anapiga miayo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia studio ya redio ndogo, iko hivi: taa nyekundu ikiwaka, feni huzimwa. Feni yao ina kelele, na kipaza sauti hakichagui cha kusikia. Kwa hiyo marehemu wa kwanza husomwa katika hewa ya kawaida. Wa katikati husomwa katika joto. Wa mwisho husomwa ndani ya tanuri.

"Mkubwa, si uvue hata koti," fundi mitambo alimwambia siku za mwanzo. "Nani anakuona humu?"

"Marehemu," Suti alijibu.

Fundi mitambo akarudi kwenye miayo yake.

Ukaidi huu haukuanza bure. Suti alipokuwa kijana alifiwa na baba, wakubwa wakamtuma apeleke tangazo kituo cha redio. Alipokuwa anasubiri kwenye korido, mlango wa studio ulikuwa wazi kidogo, akachungulia. Akamwona mtangazaji maarufu wa siku hizo amekaa na singlendi, miguu juu ya meza, anasoma kifo cha baba yake huku anakata kucha za miguu. Sauti ilikuwa nzuri ajabu. Nyumbani watu walilia wakaisifu, wakasema mzee ametangazwa kama waziri. Suti peke yake alijua kwamba ukucha wa kidole gumba ulikatwa katikati ya jina la baba yake. Hakumwambia mtu. Ila alipokuja kuipata kazi hiyo mwenyewe, alijiapia kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayechungulia mlangoni akakuta singlendi.

Sasa, kiapo hakinenepi, lakini mwenye kiapo hunenepa. Suti alikuwa amenunua mashati ya saizi ileile ya shingo tangu ujana wake. Kwake yeye saizi ya shingo ilikuwa kama jina la ukoo: hulibadilishi kwa sababu umekula vizuri. Kila asubuhi aliinua kidevu, akashika pumzi, akapenyeza kile kifungo cha juu kwenye tundu lake, halafu akashusha kidevu polepole kama mtu anayetua mzigo wa mayai.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia asubuhi moja wakinywa chai, "macho yametoka."

"Nimelala vibaya."

"Umelala vizuri, umevaa vibaya. Hebu niangalie. Mimi kazi yangu nini?"

Kazi yake ni zahanati, kitengo cha watoto. Hupima uzito, hupima urefu, hupima mkono kwa tepu, kisha humwambia mama kama mtoto anakua au hakui.

"Basi nakwambia kitaalamu," akasema, "umekua. Hongera. Tununue mashati mengine."

"Shati lisilokaza shingo ni nguo ya kulalia."

"Na shati linalokaza shingo ni nini?"

Suti akamalizia chai iliyokwisha kupoa, akaondoka.

Mambo yaliharibika Jumatatu. Suti alikuwa amesoma kifo cha mwashi mmoja, mtu wa familia kubwa. Jioni meneja akamwita ofisini. Meneja ni mama mmoja mwenye miwani inayokaa zaidi kichwani kuliko machoni.

"Suti, kaa. Au simama, najua hutaki suruali ikunjike. Kuna dada amepiga simu, dada wa marehemu mwashi. Amelia kwanza, halafu amenitukana mimi, halafu amekutukana wewe. Anasema umemsoma kaka yake kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

"Mimi?"

"Anasema ulikuwa unahema. Unakata maneno. Anasema inaonekana ulikuwa na haraka ya kwenda kula."

Suti alitoka pale amepigwa butwaa. Yeye, kuambiwa hana heshima na marehemu! Usiku mzima aliwaza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri kwa utaratibu, akafika kwenye kosa kwa utaratibu. Kama heshima imepungua, alijiambia, basi heshima iongezwe. Kesho yake akaja kazini na kizibao chini ya koti, na tai ameivuta mpaka mwisho.

Siku hiyo palikuwa na bibi mmoja aliyeacha ukoo mrefu. Wajomba walipata pumzi nzima. Mashangazi walipata nusu. Wakwe walitajwa kwa mnong'ono, na wajukuu hawakupata kitu kabisa, walipita kama upepo chini ya mlango. Fundi mitambo alitazama mshale wa sauti ukilala taratibu, akadhani mtambo umekufa.

Meneja hakumwita tena ofisini. Alimfuata koridoni.

"Suti, nisikilize kwa wema. Kuanzia wiki ijayo, vifo atasoma msichana wa kipindi cha salamu. Wewe utakuwa unasoma bei za mazao."

"Yule wa kandambili?"

"Kandambili hazisikiki redioni."

"Bosi, yule anasoma kavaa sweta la kulalia! Juzi alikuwa na taulo kichwani!"

"Alikuwa ametoka kuosha nywele. Na ana pumzi ya kuita mbuzi kutoka kilima cha pili. Basi, Suti. Pole."

Ikawa hivyo. Si mshahara uliomuuma, mshahara ulikuwa uleule. Kilichomuuma ni kwamba kuanzia wiki ijayo, mtoto wa mtu atachungulia mlangoni akute taulo. Alikaa kitandani jioni ile hajavua hata kiatu. Mkewe akamweleza habari ya shingo mara ya pili, mara ya tatu, akamwahidi mashati mapya mazuri, yenye ukosi mgumu, hata wa kigeni. Suti akatikisa kichwa kwa shida, maana ukosi haukuruhusu kichwa kwenda mbali.

Ijumaa, ambayo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho, dada wa yule mwashi akaja mwenyewe kituoni. Mazishi yalikuwa yameahirishwa, mtoto wa marehemu alikuwa bado njiani kutoka mbali, kwa hiyo tangazo lilipaswa kurudiwa na siku mpya. Mama mnene, kitenge kimefungwa kwa hasira.

"Nimeleta," akamwambia meneja. "Lakini yule msomaji wenu mwenye haraka asimguse kaka yangu. Asome mwingine."

Mwingine hakuwepo. Msichana wa salamu alikuwa ameenda kung'oa jino.

"Basi nataka nimwone," yule dada akasema. "Nikae humohumo, nimwone anavyosoma. Akianza kukimbia, nimkamate."

Ni kinyume cha utaratibu, lakini meneja aliitazama ile sura, akafungua mlango wa studio.

Yule dada alikuwa amejiandaa kumkuta mtu amejilaza kwenye kochi na chupa ya soda. Akamkuta Suti amekaa wima kama msumari, koti, kizibao, tai, jasho limetengeneza mito midogo miwili nyuma ya masikio. Akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye unayesoma vifo?"

"Ndiyo, dada. Pole kwa msiba."

"Kuna harusi?"

"Hapana. Ni kwa ajili ya marehemu."

Dada akakaa kwenye kiti cha pembeni. Alimtazama viatu, akapanda na suruali, akafika shingoni, hapo akakaa muda mrefu.

"Huwa unavaa hivi kila siku? Na huku hakuna anayekuona?"

Suti hakujua kwa nini alisema. Labda kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho. Akamweleza habari ya baba yake, mlango ulioachwa wazi, singlendi, na ukucha. Akaeleza bila madoido, kama anayesoma tangazo. Fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, aliacha kupiga miayo.

"Pole sana, kaka," yule dada akasema. "Huyo mshenzi, alimsoma baba yako vizuri?"

"Vizuri mno."

"Nyumbani walifarijika?"

"Walifarijika."

"Basi wewe uliumia kwa macho, wenzako walipona kwa masikio. Sasa sikiliza. Kaka yangu alikuwa mwashi. Alikuwa mpole, mpaka anakera. Ukuta wa wiki moja anajenga mwezi. Tofali moja analitazama kama anataka kulioa. Hajawahi kukimbia maishani mwake, wewe Jumatatu ukamkimbiza, kijiji kizima kikasikia. Fungua hicho kifungo."

"Siwezi, dada. Ni kukosa heshima."

"Mfiwa ni nani humu?"

"Ni wewe."

"Basi mwenye heshima yake ni mimi, na mimi nakuruhusu. Fungua."

Taa nyekundu ilikuwa karibu kuwaka. Fundi mitambo aliinua mkono. Suti alimtazama yule dada, akatazama karatasi, akainua kidevu, akafungua kifungo, akashusha tai vidole viwili. Shingoni palibaki mchirizi mwekundu kama wa mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Hewa iliingia kwa wingi mpaka akashtuka kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa.

Feni ikazimwa. Taa ikawaka.

Akasoma. Familia ya marehemu inasikitika kutangaza kwamba mazishi ya mpendwa wao, mwashi, sasa yatafanyika siku ya Jumapili. Alimtaja kwa jina lote, polepole, neno juu ya neno, kila moja likisubiri la chini yake likauke. Wajomba wakapata pumzi, mashangazi wakapata, wakwe wakapata, na wajukuu wakatajwa mmoja mmoja mpaka yule mchanga aliyezaliwa mwezi uliopita. Dada mtu alikaa ameinamisha kichwa. Taa ilipozimika, alikuwa ameshika ncha ya kitenge usoni.

"Huyo sasa," akasema, "ndiye kaka yangu."

Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kioo, miwani iko machoni. Habari ya bei za mazao haikutajwa tena, siku hiyo wala baadaye, na msichana wa salamu aliporudi, shavu limevimba, alisema hata yeye vifo vilikuwa vinamtisha.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo Suti alinunua mashati makubwa. Viatu alikubali kubadilisha, akachukua vipana vyenye soli laini, kwa hoja kwamba marehemu hawatazami chini. Kizibao mkewe alikigeuza kitambaa cha kufunika redio. Mashati alikataa. Alisema ruhusa aliyopewa ilikuwa ya mfiwa mmoja kwa marehemu mmoja, hawezi kuichukua akaifanya ya jumla. Kwa hiyo tangu siku hiyo, kila anayeleta tangazo la kifo pale kituoni hukutana koridoni na mwanaume wa suti, ambaye humpa pole, humshika mkono, kisha humwuliza kwa adabu kama anaruhusu kifungo kifunguliwe. Wengi hudhani ni utaratibu wa serikali. Wanaruhusu.

Ni mzee mmoja tu aliyewahi kukataa. Alikuwa amefiwa na mke, akasema mke wake alikuwa mtu wa nidhamu, shati lifungwe. Suti akalifunga. Akamsoma yule bibi akihema, sauti inakatika, macho yamemtoka, mpaka kwenye majina ya wakwe akawa ananong'ona tu. Mzee akapiga simu jioni ile kumshukuru meneja. Akasema amesikiliza redio maisha yake yote, na hajawahi kumsikia mtangazaji mwenye uchungu kiasi kile.