Visima Tulivyotegesha

Asiyekaa karibu na mgodi hawezi kuelewa kwa nini mtu mzima achimbe kisima kisicho na maji. Huku kwetu, upande wa Genkuru, likisikika gari la wapimaji watu hutegesha: nyumba ya mabati inasimama shambani ghafla, migomba inapandwa ikibanana, ili mthamini akipita ahesabu kila kitu na mtu alipwe fidia mgodi ukitwaa shamba lake. Wapo waliolipwa. Ndiyo maana hatukujifunza.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na naweza kusoma barua za wilayani. Ilipokuja barua kwamba wataalamu wangepita kuandaa mpango wa maji ya ardhini kwa ukanda wetu mzima, waone visima vilipo na mahali panapofaa kuchimbwa kisima kirefu, niliielewa vizuri. Hata hivyo nikawaambia watu, "Wanakuja kuhesabu visima. Asiye na kisima asinilaumu."

Tukachimba. Ilikuwa masika, na kila shimo lilijaa maji ya mvua. Changu, nyuma ya zizi, nilichimbiwa na Wasukuma wawili waliokuja huku kutafuta dhahabu. Mmoja alicheka akiwa humo humo ndani: "Mzee, wenzako wanategesha nyumba, wewe unategesha maji!"

"Chimba wewe, acha kelele."

Mke wangu hakucheka. Nyonga yake ilikuwa imeanza kumsumbua, na mteremko wa kwenda mtoni ulikuwa unamshinda. Alichotaka ni hicho kisima kirefu, chenye pampu, karibu na nyumbani. "Waoneshe mto," alisema. "Waambie hatuna maji."

Mtaalamu aliyefika kwangu alikuwa binti mpole kutoka mkoa mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akashusha kamba yake ya kupimia, akauliza kisima kilichimbwa lini.

"Alikichimba marehemu baba."

Akautazama udongo ukingoni. "Mbona bado mbichi?"

"Tunakizibua kila mwaka."

Akaandika.

Mwaka uliofuata walirudi, wakatusomea rasimu ya mpango kwenye uwanja wa shule. Tathmini yao ya mazingira ilisema kijiji chetu kina visima vingi vya kienyeji, na kwamba kisima kirefu kingeweza kuvivuta maji vikakauka. Kwa hiyo, ili kuvilinda, kwetu kisichimbwe. Mtambo uende vijiji vingine. Watu tulitazamana. Hivyo visima vilikuwa vimekauka tangu mvua zilipokatika, na mbuzi walikuwa wakitumbukia humo.

"Kuna mwenye maoni?" ofisa akauliza.

Jirani aliyekaa nyuma yangu, ambaye huniita tata, yaani baba, akaninong'oneza, "Nyamaza, tata. Ukisema ni vya uongo, fidia imekwenda."

Mke wangu akasimama upande wa wanawake. "Hivyo visima..."

"Kaa chini," nikamwambia. "Kamati ndiyo itasema."

Huku kwetu mke hambishii mumewe mbele ya mkutano. Akakaa polepole, kwa sababu ya nyonga, nami nikamjibu ofisa kwamba hatuna pingamizi.

Fidia haikuja. Barua haikuwa imeitaja popote, na mimi ndiye niliyeisoma. Baadaye nilikwenda wilayani kueleza ukweli. Kijana wa ofisini alinisikiliza kwa heshima, akasema mpango umekwisha kupitishwa na haubadilishwi hadi siku utakapopitiwa upya. Lini, hakujua. "Lakini mzee," akaongeza, "maoni si mliulizwa?"

Kiangazi kilichopita mke wangu alianguka na ndoo kwenye ule mteremko. Binti yetu aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, akaja kumchukua. Kwao bomba liko uani. Nikasema nitawafuata nikishauza ng'ombe.

"Huwezi kuuza wewe," mke wangu alisema, bila hasira, akaingia garini kwa taabu.

Sijauza. Asubuhi nashuka mtoni mwenyewe, na wanawake wananipisha nichote kwanza, maana mzee mwenye ndoo ni aibu kumtazama. Binti akipiga simu namuuliza mama yake anaendeleaje. Anasema nyonga imepata nafuu. Habari ya kurudi siiulizi. Arudi anywe nini?