Lituma Iliyomfufua Tonton

Picha ndiyo iliyoharibu mambo, na hilo nalisema hata leo. Tonton wangu, yaani mjomba, fundi cherehani wa mtaa wa Mangobo hapa Kisangani, alikuwa na malaria tu. Nikaandika kwenye kundi la mtaa mtandaoni kwamba anaumwa, wateja wamvumilie kidogo, nikaweka na picha. Picha nzuri alikuwa nayo moja, ya harusini: suti, tai, uso mkavu. Huku kwetu mtu akiwekwa mtandaoni na suti na uso mkavu, hakuna anayesoma maneno ya chini.

Wa kwanza akaandika, "Pumzika kwa amani, fundi." Wa pili akaweka mishumaa. Basi mtandao ukashika kazi. Mashine ile haisomi, inahesabu tu. Ikiona watu wanaandika mfululizo chini ya picha, inaisukuma juu ili wengine waione. Wakiiona, nao wanaandika, inapanda tena. Kila nikifungua simu, tonton yuko juu kabisa na tai yake, kama gavana. Mwenyewe yuko sebuleni anakunywa uji.

Nikajibu kwa hasira, "Hajafa!" Lo, jibu langu nalo likahesabiwa, likamsukuma juu zaidi. Nikafuta picha, kumbe wengine walishaichukua na kuirudisha wakiwa wamemwongezea malaika. Nikaweka tangazo jipya kwamba amepona. Likapendwa na watu wawili, mmoja mimi. Chini ya mtu aliyepona utaandika nini?

Ningecheka, kama isingekuwa msimu wenyewe. Sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu ilikaribia, na kila mama wa mji huu alikuwa na kitenge cha kushonesha. Msimu huo ndio unaoibeba karakana mwaka mzima. Sasa wakaja na nyuso za msiba: "Pole sana, mama. Bon, na kikwembe yangu iko wapi?" Mmoja alifunguliwa mlango na tonton mwenyewe. Alipiga yowe, akakimbia, kisha akamtuma mdogo wake kuchukua kitambaa.

Rafu zikabaki tupu. Nilimkuta tonton anapangusa cherehani isiyo na vumbi, na iliniuma sana.

"Ile mashine ya mtandao inapenda nini?" akaniuliza.

"Maneno mingi, tonton. Kilio ao ugomvi."

"Kilio ilishaniua. Alors, tulete ugomvi."

Akavaa singlendi, akakaa kwenye cherehani, akashika bonge la lituma, ile ndizi ya kupondwa ambayo mji huu unajivunia kuliko mto wake. Nikampiga picha amekunja pua. Akaniambia niandike: "Lituma ya Kisangani iko muzuri ya kuziba matundu ya pirogi kule mtoni. Chakula ni wali ya Maniema."

"Tonton, watakuua kweli."

"Andika!"

Mji ukachemka. "Mulafi wa wali!" "Unakula ndizi yetu toka zamani, leo unaitukana?" "Suruali yangu ulishona muguu moja mufupi, halafu unagusa lituma!" Watu wa mkoa jirani wa Maniema nao wakaingia kumtetea, ndipo moto ukawaka sawasawa. Ilipofika jioni tonton alikuwa juu ya kila kitu, amewapita wanasiasa na wacheza mpira. Mtu mmoja akauliza, "Lakini huyu si alikufa?" Akajibiwa, "Atakufa namna gani na hii mudomo?"

Kesho yake yule mama aliyekimbia akarudi. Hakusalimu. Akatua sufuria ya lituma mezani, akatupa kitenge chake juu ya cherehani.

"Papa, wee ni mutu mubaya! Kwanza utakula, halafu utaomba pardon."

Tonton alitazama kile kitenge mpaka macho yakamlowa. Akavuta utepe wa kupimia shingoni.

"Mikono mirefu, mama, ao mifupi?"